Mwalimu anayestaafu peke yake: Tanga, Morogoro au arudi Marangu?

SWALI: Nina miaka 58, mwalimu wa sekondari Dar es Salaam, nimepanga Tabata. Sijaolewa na sina mtoto. Ninaye mpwa mmoja wa kike niliyemlea, anafanya kazi Mbagala. Nikifika 60 nastaafu. Nimekadiriwa mkupuo wa kama milioni 50 na pensheni ya mwezi 500,000 na kidogo. Kwa hela hiyo Dar siiwezi tena. Kaka yangu ananiita nyumbani Marangu, nijenge kwenye kihamba cha baba, shamba letu la ukoo. Mwalimu mwenzangu aliyetangulia kustaafu ananiita kwao Magu, mkoani Mwanza, anasema ekari ni bei ya kutupa. Moyo wangu uko Tanga, nilifundisha huko ujanani, ila watu wananitisha: mwanamke peke yake, tena Mlutheri, utakaaje Pwani? Morogoro na Lushoto nazo nazisikia zikisifiwa. Natafuta mahali pa gharama nafuu, penye watu wema, ambapo sitakuwa gumzo la mtaa kwa kuwa sina mume. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Nenda Tanga mjini, upange nyumba mwaka mzima kabla hujanunua hata tofali moja. Morogoro iwe akiba yako Tanga ikikushinda. Marangu endelea kwenda Krismasi na misibani kama siku zote. Magu mshukuru rafiki yako kwa kukukumbuka. Lushoto nenda ukapumzike wiki moja, urudi.

Nimekaa na wastaafu muda mrefu, mwanzoni kwenye semina za kuwaandaa, baadaye kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ambako huwa wanafika mambo yakishaharibika. Kosa linalojirudia ni lile lile: mtu anachagua nyumba kabla hajachagua majirani. Mwenye mume na watoto sita anaweza kuwakosea majirani na maisha yakaenda. Wewe ukiwakosea, siku ukianguka bafuni ndipo utakapojua.

Tuanze na hela. Kwa ninyi mliotoka kwenye ile mifuko ya zamani iliyokuwa ikilipa mkupuo wa asilimia 50, kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kiliushusha hadi 33 Julai 2022, kisha bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40. Najua walimu mlivyokisema kikokotoo kile, na mlikuwa na sababu. Ila kwa mtu wa hali yako kuna upande wa pili wa hesabu: kilichopungua kwenye mkupuo kimebaki kwenye pensheni ya mwezi, nayo inaingia benki mpaka siku yako ya mwisho, na hakuna mjomba anayeweza kuja kuikopa yote kwa mpigo. Kwa hiyo pima maisha yako yote kwa hiyo 500,000, ujifanye mkupuo haupo. Kodi ya nyumba isizidi robo ya pensheni, yaani 125,000 au chini ya hapo. Tabata kwa bei hiyo unapata chumba na sebule na choo cha kuchangia na wapangaji wanne. Tanga, ukitoka kidogo katikati ya mji, bado utapata nyumba ndogo yenye vyumba viwili na choo ndani, na LUKU yako mwenyewe, yaani mita ya umeme usiyochangia na mtu.

Hapo tayari nimeitaja LUKU na sitaki uipite. Mita ya kuchangia imevunja ujirani kuliko siasa. Mwanamke anayekaa peke yake, mwenye taa mbili na feni, hujikuta akichangia pasi ya kijana wa chumba cha tatu na friji ya mwenye nyumba. Uliza mita kabla hujauliza kodi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshachelewa. Mtumishi akistaafu, mwajiri humlipia nauli na usafirishaji wa mizigo hadi mahali pake pa asili palipoandikwa kwenye kumbukumbu zake za ajira. Kwako bila shaka pameandikwa Marangu. Mwone afisa utumishi wa halmashauri yenu sasa hivi, ukiwa na miaka miwili mkononi, umuulize utaratibu kwa anayehamia kwingine. Ukimwendea mwezi wa mwisho atakujibu kwa haraka, na jibu la haraka la afisa utumishi huwa ni hapana.

Sasa unafuu wenyewe. Mahali panaweza kuwa rahisi kwa sababu mbili: chakula na kodi viko chini, au hakuna kitu pale. Lushoto inakaribia hii ya pili kwa mtu wa umri wetu. Naipenda, hewa yake inaponya, na mboga wanazouza pale sokoni huku chini utazikuta zimeshanyauka. Lakini kutoka Mombo ni kilomita 33 za kupanda na kona. Mji wenyewe umekaa kwenye miinuko kiasi kwamba kwenda kununua chumvi ni kushuka na kurudi ni kupanda. Magoti ya miaka 60 yatakubali. Ya miaka 72 yatakataa, na wakati huo utakuwa umeshajenga. Halafu baridi ya Julai inawafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, na kila mwaka tunasikia waliolala wasiamke. Mwenye presha au sukari anayehitaji daktari bingwa atashuka milima ile ile akiwa mgonjwa. Ukistaafu ukiwa mwanachama mchangiaji wa bima ya afya ya NHIF unaendelea kutibiwa bila kukatwa mchango, hiyo ni neema kubwa, ila kadi haikubebi mpaka hospitali.

Marangu ndiyo itakayokutesa moyo, kwa hiyo niseme wazi. Simtuhumu kaka yako. Huenda anakuita kwa mapenzi ya kweli, na huenda pia amechoka kukaa peke yake na kaburi la baba. Shida yangu ni kihamba. Kwa mila za Uchagani kihamba hurithiwa na wana wa kiume, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Ukijenga pale kwa milioni 30, umejenga juu ya neno la kaka. Neno la kaka linaishi muda ule ule anaoishi kaka. Akitangulia, utabaki na wanawe na wake zao, ambao kwao wewe ni shangazi aliyerudi kutoka Dar na nyumba nzuri kwenye shamba lao. Wengine hukaa nao vizuri mpaka mwisho. Wengine nimewapokea ofisini na mabegi.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Lakini mtu anayetaka kuishi kwa amani uzeeni hataki kuwa na haki mahakamani dhidi ya watoto wa kaka yake huku akichota maji kwenye bomba moja nao. Kama kaka ana nia thabiti, mwambie amege kipande, kijiji kikutambue, na kipatiwe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako peke yako, wanawe wakubwa wakitia sahihi kama mashahidi. Utaona haraka uzito wa mwaliko. Akikubali, Marangu inarudi mezani, na KCMC kule Moshi ni hospitali ambayo mikoa mingi ingeitamani. Akianza kusema "sisi ni ndugu, karatasi za nini", umeshajibiwa.

Magu nitaipita haraka. Ekari ni rahisi kweli, na rafiki yako anaishi vizuri kwa sababu ni kwao. Ana shemeji na mawifi kila kona. Wewe utakuwa mgeni, peke yako, katikati ya shamba, huijui lugha ya nyumbani. Kanda ya Ziwa ina historia chungu ya vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wakiwa wajane au wanawake wasio na mtu wa kuwatetea, na macho mekundu ya moshi wa kuni na samadi yakihesabiwa kuwa ushahidi. Hali imebadilika mahali pengi, na Wasukuma ni miongoni mwa watu wakarimu kuliko wote niliofanya nao kazi. Bado sitamshauri mwanamke asiye na ukoo pale akazeekee peke yake vijijini ili tu aokoe bei ya kiwanja. Mwanza mjini ingekuwa mazungumzo mengine.

Tuje Tanga. Unaijua ya ujanani, nami nikukumbushe kwa jicho la mstaafu. Mji ni tambarare. Hilo peke yake lina thamani ya laki kadhaa kwa mwezi, maana utatembea kwa miguu miaka kumi zaidi ya mwenzako wa milimani, na pale miguu inapochoka kuna bajaji, na baiskeli Tanga ni ya kila mtu, mpaka hajjati mwenye baibui. Chakula kinaingia kutoka pande zote: samaki wa Deep Sea na Sahare, machungwa ya Muheza, mboga za Lushoto zikishuka usiku, maziwa ya mgando ambayo Tanga wanayanywa na kila kitu. Maji ya bomba yanatoka. Mamlaka ya maji pale ilithubutu mwaka 2024 kukopa hela kwa umma kwa kuuza hatifungani yake, na si kila mamlaka ya maji nchini ingepata mnunuzi. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko mjini, ukingoni mwa bahari. Ukipata homa usiku, ni bajaji moja.

Lakini kilichonifanya nikutaje Tanga mwanzoni ni hiki unachokiogopa. Miji ya mwambao imezoea tangu zamani mwanamke mtu mzima mwenye nyumba yake na hana mume. Ingia Ngamiani utazame zile nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jikoni na chooni. Nyingi zina bibi mwenye nyumba. Aliachika, au alifiwa, au hayo hayasemwi tena; amepangisha vyumba vinne, anakaa kimoja, na mtaa mzima unamwamkia. Bara, kwenye vijiji vingi, mwanamke wa hivyo hana nafasi yake inayojulikana, lazima awe wa kwa kaka au wa kwa mtoto. Ngamiani nafasi hiyo ipo, imeshakaliwa na wengine kabla yako, na watu wanajua namna ya kuishi naye.

Saa kumi na mbili asubuhi kwenye barabara mojawapo ya zile zenye namba, mama wa vitumbua ameshawasha jiko barazani, watoto wa madrasa wanapita na juzuu kwapani, na mzee mmoja anafagia mbele ya mlango wake, kisha bila kuambiwa anafagia mbele ya mlango wa jirani aliyelazwa Bombo. Anayerudi kutoka msikitini anauliza "Bi mkubwa leo kaamkaje?" na mwenye vitumbua anajibu kwa niaba ya mgonjwa. Huo ndio ulinzi ninaoutafuta kwa ajili yako. Raskazone ni pazuri zaidi, penye miti na upepo wa bahari, ila ni mageti na mbwa; unaweza kufa Jumatatu wakajua Ijumaa. Kwa kodi yako tazama Chumbageni, Usagara au Makorora, na Ngamiani yenyewe kama kelele hazikusumbui.

Utaulizwa mume yuko wapi. Tena utaulizwa mapema, labda siku ya pili, na mtu ambaye hata jina lako hajalishika. Usikasirike, na usitunge mume aliyefia Mwanza, kwa sababu uongo wa hivyo huombewa dua na utalazimika kuupikia pilau. Sema: Mungu hakupanga, ninaye binti wa ndugu yangu niliyemlea, yuko Dar. Baada ya hapo mpwa wako aje akulalie siku mbili tatu, aonekane, asalimie barazani. Mtaa ukishamwona mtu wako, maswali yanakwisha.

Kuhusu Ulutheri, aliyekutisha hajakaa Tanga. Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT inashika mkoa ule, utahamisha cheti chako cha usharika na wiki ya pili utakuwa kwenye kikundi cha akina mama. Majirani zako wengi watakuwa Waislamu, nao watakuletea futari. Rudisha sahani ikiwa na kitu. Ramadhani usile barazani mchana, msibani jifunike kanga, na maulidi ukialikwa nenda. Ni adabu ile ile uliyoishi nayo miaka ile ulipokuwa unafundisha huko.

Ubaya wa Tanga nao upo. Joto la Januari na Februari ni la kuvua ngozi, na chumba kisicho na dirisha la pande mbili hakikaliki. Pili, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, mlangoni mwa mji. Mradi huo umeleta wageni wenye hela, madalali wamechangamka, na kuna kiwanja cha kila mtu "karibu na bomba". Hiyo ni sababu nyingine ya kupanga kwanza. Bei inayotajiwa mgeni leo sokoni si ile ambayo jirani yako wa mwaka mzima atakunong'oneza.

Morogoro ina sifa moja kubwa kwako, nayo ni mpwa wako. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Dar hadi Morogoro kwa nauli ya kawaida ya 13,000, chini ya saa mbili. Anaweza kuja Jumamosi akarudi Jumapili bila kuomba ruhusa. Tanga ni basi la zaidi ya kilomita 300, siku inaliwa. Bigwa na Kilakala, chini ya Uluguru, jioni zina ubaridi mzuri, matunda ni ya kuokota, na mji una walimu na wahadhiri wastaafu kutoka SUA na Mzumbe, kwa hiyo hutakosa wa kuzungumza naye habari za mitihani ya taifa. Ukaribu huo huo na Dar ndio unaoupandishia bei kila mwaka, na mitaa mipya ya Kihonda imejengwa na watu wanaoshinda kazini. Mchana ni kuta tupu. Kama mpwa wako angekuwa na watoto wadogo wanaokuhitaji, ningeanza na Morogoro bila kusita.

Popote utakapoangalia, usiwaulize watu kama wao ni wema. Hakuna mtaa utakaokujibu hapana. Fanya hivi: ukiwa huko, kukitokea msiba mtaani, nenda. Kaa na wanawake kwenye mkeka, menya vitunguu. Baada ya saa mbili utakuwa umejua nani anashika daftari la rambirambi, kama kuna chama cha kufa na kuzikana na mgeni anaingiaje, nani alikuwa akimwogesha marehemu alipokuwa mgonjwa. Chunguza hasa kama marehemu ni mtu asiyekuwa na watoto. Mtaa unaojaza turubai kwa mtu wa hivyo utakutosha. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ujitambulishe, na kwa mjumbe wa shina, na umwone mwenye duka la karibu. Huyo wa duka ana faida kuliko wote wawili. Ndiye atakayegundua kwamba mwalimu hajaja kuchukua mkate siku mbili.

Wakati wa kupanga, mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali atataka ya mwezi mmoja. Lipa miezi sita ya kwanza, hata kama ya mwaka inapunguziwa. Mkataba uwe wa maandishi, nakala mbili. Kagua choo na bafu kuliko sebule: choo cha kukaa, sakafu isiyoteleza (vigae vya kung'aa vya bafuni vimevunja nyonga nyingi), na ukuta imara ambao fundi anaweza kukuwekea bomba la kushikilia. Mlango wa mbele usiwe na ngazi zaidi ya mbili. Dirisha la chumba chako la kulala lisikilizane na la jirani, yaani ukiita usiku mtu asikie.

Na ukipata nyumba yenye chumba cha ziada au banda la uani, usiache kikae na mabegi. Mpe mwanafunzi wa uuguzi au mwalimu binti wa ajira mpya, kwa kodi ndogo, kwa masharti yaliyoandikwa na kwa idhini ya mwenye nyumba. Hutajirika kwa kodi hiyo. Unanunua pumzi ya mtu mwingine ndani ya nyumba usiku. Nimeona wastaafu wakilipa mlinzi anayelala kuliko wao, na wengine wakimchukua mtoto wa ndugu kijijini "asome", kisha wakageuka kuwa wao ndio wanaomlea mtu mzima. Mpangaji mwenye kazi yake ana adabu ya mkataba.

Mwaka ukiisha na bado unaupenda mtaa, ndipo tuzungumze kununua. Kiwanja kiwe kimepimwa, ukafanye upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati uone mwenye jina ni nani na kama kimewekwa rehani benki. Muhuri wa serikali ya mtaa peke yake si hati. Jenga vyumba viwili na kibanda cha uani, basi. Nimekagua nyumba za wastaafu zenye vyumba vitano, vitatu vikiwa na popo, na mwenye nyumba anakopa hela ya dawa. Ikiwezekana nyumba yote isimeze zaidi ya nusu ya mkupuo. Inayobaki iweke kwenye hatifungani za serikali au mfuko wa uwekezaji wa UTT AMIS unaotoa gawio, iwe inakuongezea pensheni. Kuku wa mayai, bodaboda ya kijana wa kaka, na "mradi" wowote ambao anayekueleza ana haraka kuliko wewe, uogope. Utapigiwa simu pia na watu wanaojiita maofisa wa mfuko wenu wa pensheni, PSSSF, wakijua mpaka namba yako ya uanachama, wakitaka utume kidogo ili malipo yatoke. Kata simu, nenda ofisini. Na wapo vijana watanashati wanaogundua ghafla kwamba wanawapenda walimu wastaafu; nakutajia tu, uamuzi ni wako.

Kuhusu mpwa wako, kuna kitu usikiahirishe mpaka Tanga. Kumlea hakujamfanya mrithi wako. Ukifariki leo bila wosia, wewe usiye na mume wala mtoto, watakaosimama mbele ni ndugu zako, naye atapewa kanga zako akibahatika. Andika wosia, mashahidi wasiwe wanaonufaika nao, uuhifadhi RITA ambako wanapokea wosia na kuutunza. Jina lake liwe kwenye fomu za PSSSF na kwenye faili lako la hospitali kama mtu wa kupigiwa simu. Mwambie mwenyewe, na mwambie na kaka, ukiwa hai na una akili zako timamu.

Kwa kaka jibu lako lisiwe la ugomvi. Mwambie unashukuru, kwamba madaktari wamekushauri ukae joto na tambarare kwa ajili ya magoti, na kwamba chumba chako Marangu akuwekee kwa Krismasi. Kiasi cha mkupuo usimtajie yeye wala mtu yeyote. Akiuliza, mwambie kikokotoo kimeula, ataamini.

Una likizo nne za Juni na Desemba kabla hujafika 60. Juni inayokuja nenda Tanga, upange chumba cha wiki tatu mtaani na siyo hotelini, usipeleke hela ya kiwanja hata kama utaoneshwa cha ajabu. Desemba nenda Morogoro, wakati wa mvua, uone maji yanapita wapi na mbu wako kiasi gani. Suala la nauli na mizigo ulimalize na afisa utumishi kabla ya Juni hiyo, maana jibu lake ndilo litakalokuambia kabati la vitabu linakwenda nawe au linabaki kwa mpwa Mbagala.